Mshipa: neno moja kwa ateri, vena, neva na kano

Katika msamiati wa mwili wa binadamu, ni vigumu kupata neno la Kiswahili lenye mzigo mzito kuliko mshipa. Katika matumizi ya kila siku, mshipa ni njia ipitayo damu. Ni uzi upelekao maumivu na amri za ubongo. Ni kamba ngumu ishikizayo msuli kwenye mfupa. Na, katika maeneo mengi, ni jina la ugonjwa wa kinena au wa korodani ambao mgonjwa hapendi kuutaja waziwazi. Maana hizo nne zina historia inayoeleweka, na msemaji wa kawaida huishi nazo bila taabu. Taabu huanza pale mgonjwa na mhudumu wa afya wanapolitumia neno hilohilo, kila mmoja akiwa na kiungo chake kichwani.

Mkoa wa Katavi ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Mkoa huo, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012 na wenye makao makuu yake Mpanda, ni makutano ya lugha nyingi: Kibende, Kipimbwe na Kikonongo za wenyeji, Kifipa kutoka kusini, Kisukuma cha wafugaji na wakulima walioingia na ng'ombe wao, na Kirundi cha Katumba na Mishamo, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, ambao wengi wao na watoto wao sasa ni raia wa Tanzania. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu hawa sokoni, shuleni na zahanati. Hata hivyo, kila mmoja hukisema akiwa na ramani ya mwili aliyoipokea katika lugha yake ya kwanza. Mzungumzaji wa Kirundi, kwa mfano, ana neno umutsi, wingi wake imitsi, ambalo nalo hutaja mshipa wa damu, neva na kano kwa pamoja. Akijifunza mshipa, hajifunzi utata mpya. Anahamisha ule aliokuwa nao tangu utotoni.

Ulinganifu huo si wa bahati. Mzizi wa neno mshipa umeenea katika lugha za Kibantu hata kusini kabisa mwa bara. Katika Kizulu, umsipha ni kano au msuli. Katika Kichewa, mtsempha ni mshipa wa damu. Ukizitazama maana hizi kwa pamoja, unaona wazo moja la kale: kitu chembamba, kirefu, chenye nguvu, kinachopita ndani ya nyama kama kamba. Aliyechinja mnyama akamchuna kwa kisu aliona nyuzi hizo zote na kuziita kwa jina moja, kwa kuwa machoni zinafanana. Neva kubwa ya paja la mbuzi ni nyeupe na ngumu kama kano, na mshipa wa damu uliokwisha kumwaga damu yake hunyauka ukawa kama uzi.

Ingekuwa dhuluma kuiona hali hii kama upungufu wa Kiswahili au wa lugha za Kiafrika. Wayunani wa kale waliita kano neuron, na kwa muda mrefu neno hilo lilihusu pia neva, hadi Herofilo wa Iskandaria, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alipozitenga nyuzi zinazotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kwa hiyo hata neva, ambalo leo linahesabiwa kuwa neno la kitaalamu lisilo na utata, lina babu yake katika Kilatini aliyemaanisha kano. Kilichobadilika ni maarifa. Neno lilifuata nyuma, polepole.

Tuanze na maana iliyo kuu, yaani mshipa wa damu. Mwili wa mtu mzima una damu ipatayo lita 5. Moyo, ambao ukubwa wake hukaribia ngumi ya mwenyewe, hupiga mara 70 hivi kwa dakika mtu akiwa amepumzika, na kila dakika husukuma damu inayokaribia lita hizo 5 zote. Mapigo hayo kwa siku moja hufikia 100,000. Mishipa inayotoa damu moyoni huitwa ateri. Inayoirudisha huitwa vena. Kati yake kuna kapilari, mishipa myembamba isiyoonekana kwa macho, ambamo oksijeni na chakula hutoka kwenda kwenye seli na taka huingia. Ateri zina kuta nene zenye kunyumbuka, kwa maana hupokea msukumo wa moyo moja kwa moja. Ndizo zinazodunda chini ya kidole cha mwuguzi anayeshika kifundo cha mkono. Vena zina kuta nyembamba na, hasa miguuni, zina vali zinazoizuia damu isirudi chini. Ndizo zinazoonekana kwa rangi ya buluu au kijani chini ya ngozi, ijapokuwa damu iliyomo ndani yake si ya buluu hata kidogo, bali ni nyekundu iliyokoza.

Hapa pana kosa moja la maelezo ambalo limezoeleka mno na ambalo kamusi haina budi kulikataa. Mara nyingi mwanafunzi hufundishwa kuwa ateri ni mshipa wa damu safi na vena ni mshipa wa damu chafu. Fasili hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, damu iliyopungua oksijeni si chafu. Ni damu ileile, na bado ina oksijeni kiasi kikubwa. Pili, na hili ndilo zito zaidi, fasili hiyo inavunjika mara mbili katika mwili wa kila mmoja wetu. Ateri za mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo, na vena za mapafu hurudisha damu yenye oksijeni nyingi. Aidha, katika kamba ya kitovu, ambayo baadhi ya kamusi huiita kiungamwana, kuna ateri mbili na vena moja, na ni hiyo vena inayompelekea mtoto tumboni damu iliyojaa oksijeni na chakula kutoka kwenye kondo. Kinachotofautisha ateri na vena ni mwelekeo wa safari: ateri hutoka moyoni, vena huenda moyoni. Fasili hii haina isipokuwa, na ni fupi kuliko ile yenye makosa.

Safari yenyewe ilichukua karne nyingi kueleweka. Ibn al-Nafis, tabibu wa Dameski aliyefanya kazi Kairo, alieleza katika karne ya 13 kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni, ndipo hufika upande wa kushoto. William Harvey alichapisha hoja ya mzunguko kamili mwaka 1628, lakini alifariki bila kuona kiungo kilichokosekana kati ya ateri na vena. Marcello Malpighi alikiona mwaka 1661, kwa hadubini, katika mapafu ya chura.

Neno presha linastahili kutajwa hapa kwa ufupi. Msukumo wa damu dhidi ya kuta za ateri ni jambo la kila mtu aliye hai. Bila msukumo huo damu isingefika utosini. Hata hivyo, mtu husema "nina presha" akimaanisha ugonjwa. Matumizi hayo yameshika mizizi na hayana haja ya kupigwa vita, ila mhudumu anapomwambia mjamzito "tunapima presha yako", ni vema aongeze kuwa anatafuta kipimo, wala hajampa ugonjwa. Kipimo kinachofikia 140 juu au 90 chini baada ya wiki ya 20 ya mimba huhitaji kufuatiliwa mara moja, kwani kinaweza kuwa mwanzo wa hali inayoishia katika kifafa cha mimba. Mama aliyedhani ameambiwa tayari ni mgonjwa huweza kukata tamaa asirudi kliniki. Mama aliyeelewa kuwa anapimwa hurudi.

Maana ya pili ni mshipa wa fahamu, yaani neva. Istilahi mshipa wa fahamu ni nzuri kwa kuwa inaeleza kazi, lakini ina mtego: inamfanya msikilizaji adhani kuwa ndani ya neva mna kitu kinachotiririka, kama damu. Hakuna. Neva ni fungu la nyuzi za seli ambazo hupitisha ishara za umeme. Jozi 12 za neva hutoka kwenye ubongo, na jozi 31 hutoka kwenye uti wa mgongo. Ishara za kasi zaidi husafiri zaidi ya mita 100 kwa sekunde, na baadhi ya ishara za maumivu hutambaa kwa mita 1 au hata chini ya hapo. Ndiyo sababu aliyejikwaa kidole hutambua kwanza kuwa amegonga jiwe, kisha, baada ya kitambo kidogo mno, huja uchungu wenyewe.

Tofauti kati ya damu na neva huonekana wazi porini kuliko darasani. Katavi ni nchi ya miombo, na wanaoingia humo kurina asali, kuchunga au kukata kuni hukutana na nyoka wa namna mbili ambao sumu zao zinafundisha anatomia kwa ukatili. Moma, ambaye wengine humwita bafe au kifutu, ana sumu inayoharibu nyama na kuta za mishipa ya damu: mguu huvimba, malengelenge hutoka, damu huvuja ndani ya ngozi. Sumu ya koboko haina haraka na nyama. Hushika mahali neva inapokutana na msuli na kuvuruga mazungumzo yao. Kope hulegea, ulimi huwa mzito, na mwishowe misuli ya kupumua hukosa amri. Moyo waweza kuwa ungali unapiga.

Sasa watu husema: "Mfungeni kamba, sumu isipande kwenye mshipa." Katika sentensi hiyo neno mshipa linafanya kazi isiyo yake. Sehemu kubwa ya sumu ya nyoka huondoka kwenye jeraha kupitia mishipa ya limfu, ambayo ni mfumo wa tatu, usio na moyo wake, unaosukumwa na mikazo ya misuli mtu anapotembea au kutikisa kiungo. Kamba iliyokazwa sana huzuia ateri, hukata oksijeni ya mguu mzima, na katika jeraha la moma huongeza uharibifu mahali ambapo tayari nyama inakufa. Anayeelewa kuwa njia ya sumu husukumwa na mwendo wa misuli atafanya lililo sahihi bila kukaririshwa: atamlaza majeruhi, ataufunga mguu kwa gongo usitikisike, atamvua pete na bangili, na atatafuta usafiri wa kwenda hospitali badala ya kumtembeza.

Malale nayo hudai utengano huohuo. Mbung'o, au ndorobo, ameutawala ukanda huu kwa muda mrefu kiasi kwamba serikali ya kikoloni ya Waingereza ilihamisha watu wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwatenga naye. Aina ya malale inayopatikana Tanzania huenda haraka, kwa majuma au miezi michache. Katika hatua ya kwanza vimelea humo katika damu na limfu: homa, kuumwa kichwa, tezi kuvimba, mambo ambayo mwenyeji wa Mpanda atayaita malaria bila kusita. Katika hatua ya pili vimelea huvuka na kuingia ubongoni, na hapo ndipo usingizi huvurugika na tabia hubadilika. Ili kujua hatua, tabibu huchukua kwa sindano majimaji yanayozunguka uti wa mgongo. Kwa miaka mingi jibu liliamua dawa, na dawa ya hatua ya pili, melasoprolo, ina aseniki na ni hatari kwa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli, kidonge cha kumeza, kwa aina hii ya malale, kwa wagonjwa wenye umri na uzito unaoruhusu.

Mgonjwa anayeambiwa kuwa wadudu "wameingia kwenye mishipa" hajaambiwa kitu. Wadudu walikuwa kwenye mishipa tangu siku ya kwanza. Analopaswa kuambiwa ni kwamba walikuwa katika damu, na sasa inachunguzwa kama wamefika kwenye ubongo. Vivyo hivyo kwa kiharusi: "mshipa umekatika kichwani" ni kauli iliyo karibu na ukweli, kwa sababu kiharusi ni tukio la mshipa wa damu, ulioziba au uliopasuka, lakini kinachokufa ni seli za ubongo, na ulemavu huonekana upande wa pili wa mwili kwa kuwa njia za amri huvuka kabla ya kushuka kwenye uti wa mgongo. Mkono uliopooza hauna ubaya wowote ndani yake. Kuuchua kwa mafuta hakuponyi mshipa ulio kichwani, ingawa kuunyosha na kuufanyisha mazoezi kuna faida nyingine.

Kuhusu kano hakuna haja ya maneno mengi. Kano huunganisha msuli na mfupa, na ile nene kuliko zote ni ya nyuma ya kisigino. Neno lipo, ni la Kibantu, ni fupi, na linafaa kurudishwa katika matumizi ya kila siku, badala ya "mshipa wa kisigino". Msuli nao usichanganywe na kano wala na ile nguo ya kiunoni; msuli ndio unaojikaza, kano huvutwa tu.

Maana ya nne ndiyo yenye hatari ya karibu zaidi, na kwa bahati mbaya ndiyo inayofichwa na staha. Mwanamume anayesema "nina mshipa" mara nyingi ana moja kati ya mambo mawili. Jambo la kwanza ni busha, yaani majimaji yaliyojikusanya kuzunguka korodani, ambayo katika maeneo ya matende huletwa na minyoo isambazwayo na mbu. La pili ni ngiri, yaani kipande cha utumbo au mafuta ya tumboni kilichopenya kwenye uwazi wa ukuta wa tumbo, aghalabu kwenye kinena. Busha huweza kusubiri miezi. Ngiri nayo huweza kusubiri miaka, ikiwa inarudi ndani mtu akilala. Lakini siku itakapokwama, hesabu inakuwa ya saa. Utumbo uliobanwa hunyimwa damu, na kisichopata damu hufa. Dalili zake ni uvimbe mgumu usiorudi, maumivu yasiyoachia, kutapika, na choo kufunga.

Fikiria mchimbaji mdogo wa dhahabu katika mojawapo ya machimbo ya Katavi, kazi ambayo ni kunyanyua na kubeba mizigo ya mawe kutwa. Anafika kituoni akiwa ameinama na kusema kwa sauti ya chini: "Mshipa umenishika tangu asubuhi." Kijana anayempokea, pengine amesoma mbali na hapo, kwake mshipa kushika ni mkazo wa msuli. Anampa dawa ya maumivu na kumwambia apumzike. Sentensi ilikuwa sahihi, Kiswahili kilikuwa fasaha, na utumbo unaendelea kufa. Swali moja lingetosha: "Mshipa gani, nionyeshe kwa kidole." Kidole hakina utata.

Istilahi za kuondoa utata huu hazikosekani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Vitabu vya sayansi vya shule za msingi vimekwisha kuwazoesha watoto maneno ya mfumo wa damu kwa Kiswahili. Kikwazo ni kwamba mtoto huyo akivuka kwenda sekondari, somo hilohilo huanza upya kwa Kiingereza, na maneno aliyoyajua hubaki nyuma kama nguo zilizombana. Anayesomea uuguzi hurudi baada ya miaka akiwa na istilahi za Kiingereza kwa ajili ya faili na mshipa kwa ajili ya mgonjwa, bila daraja kati ya hizo mbili.

Katika matumizi, basi, yafuatayo yanashauriwa. Mshipa peke yake ubaki kuwa neno la jumla na la fasihi. Hakuna sababu ya kusahihisha "hana mshipa wa aibu" au "alibishana hadi mishipa ya shingo ikamtoka". Katika maandishi ya afya uandikwe pamoja na kivumishi chake: mshipa wa damu, mshipa wa limfu. Kwa neva, istilahi mshipa wa fahamu itumike mara ya kwanza ili msomaji ashike maana, kisha neva iendelee. Ateri, vena na neva hazibadiliki katika wingi na hufuata upatanisho wa i-/zi-: ateri imeziba, ateri zimeziba, neva inauma, neva zinauma. Haifai kuandika "maateri" wala "mavena". Mshipa hufuata u-/i-: mshipa umevimba, mishipa imevimba. Kwa ugonjwa, iandikwe ngiri au busha, na mabango ya kliniki yataje majina yote mawili pamoja na neno mshipa kando yake, kwa sababu mwenye aibu hutafuta lile analolijua.

Ziada moja kwa wasomaji wa Katavi: kuna nyonga, sehemu ya mwili ambapo paja hukutana na kiwiliwili, na kuna Inyonga, mji wa wilaya ya Mlele unaosifika kwa asali. Mfanano wa sauti pekee si ushahidi wa asili ya jina, na kamusi hii haiziunganishi.